Ndiyo, Nalipwa Kumtazama Akifunga Vifungo

Juzi nimeulizwa tena. Safari hii ni binti wa mzee ninayemhudumia, kasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Dada, kwa hiyo tunakulipa ukae kitini umwangalie baba akihangaika na shati?"

Ndiyo. Hiyo hasa ndiyo mnayonilipia.

Kuna imani isiyokufa kwamba mhudumu bora wa nyumbani ni yule asiyemwacha mgonjwa ainue hata kijiko. Amwogeshe, amvishe, amlishe, na yote yawe yamekwisha kabla ya saa 4 asubuhi. Mhudumu wa aina hiyo huitwa malaika. Mtafute miezi michache baadaye umkute malaika na mtu asiyeweza tena kukaa bila kuegemezwa. Misuli isiyotumika huyeyuka, na kwa wazee huyeyuka upesi kuliko ndugu wanavyodhani. Kuirudisha ndiyo kazi.

Turudi kwenye shati. Mzee alipata kiharusi, upande wa kushoto umelegea, na asipokumbushwa huusahau kabisa, kana kwamba si wake. Mkono mgonjwa huingia kwanza na hutoka mwisho. Nashika ukosi, yeye anauongoza mkono wa kushoto kwa ule wa kulia. Kisha vifungo 5, dakika 12. Katika dakika hizo amekaa wima mwenyewe, ameutafuta upande anaousahau, vidole na macho vimefanya kazi pamoja. Mimi nami sijalala: natazama kama anainama kushoto kuliko jana, kama mdomo umepinda zaidi, kama pumzi inakatika. Asubuhi moja alianza kuvitafuta vifungo mgongoni. Watu wa nyumbani wakasema ni uzee. Uzee hauji kati ya jana usiku na leo asubuhi! Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee ni dalili ya ugonjwa mpaka ithibitishwe vingine, na kwake yalikuwa maambukizi ya mkojo. Ningemvisha mimi kwa dakika 2, ningeliona wapi hilo?

Mengine nayasema mbiombio kwa sababu nimechoka kuyarudia. Usimwinue kwa kumvuta kwapani, bega lililolegea huchomoka. Kabla ya kusimama, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kizunguzungu kipite. Ukiona wekundu kwenye kisigino au nyonga usiofifia unapoubonyeza, usiukande. Ondoa uzito hapo na utoe taarifa. Ale akiwa wima, na asilazwe mara tu akimaliza.

Sasa hapa ndipo mimi mwenyewe ninapoyumba. Zipo siku ambazo kumwacha ajifanyie ni ukatili tu uliovaa koti la tiba. Mwenye moyo uliochoka kusukuma damu akimaliza nguvu zake kwenye soksi, chakula atakitazama tu. Mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, huweza jambo dawa inapokuwa imeshika, na saa chache baadaye, dawa inapoisha, jambo lilelile halimtaki. Anayemwambia "mbona asubuhi uliweza" hajui anachokisema. Na mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi vidole vyake ni vizima, kinachompotea ni hatua inayofuata: mpe shati mkononi, mguse kifungo cha kwanza, nyamaza, aghalabu ataendelea. Kwa hiyo nikiulizwa nisaidie kiasi gani, jibu langu hubadilika kwa mtu, kwa siku, hata kwa saa, na nimeshakosea pande zote mbili.

Kuna bibi mmoja ambaye mpango wake wa huduma uliandikwa "anachana nywele mwenyewe". Na kweli aliweza. Asubuhi moja nilimpa kitana nikakaa kusubiri, kama kawaida yangu. Akakishika muda mrefu mapajani bila kukiinua, halafu akaniuliza kwa upole kama amenikosea jambo. Nikamwambia hapana, bibi. Akasema, "Basi nichane wewe leo. Kichwa changu hakijaguswa na mtu siku nyingi."

Nikamchana, polepole, nikarudia tena nywele ambazo zilikuwa zimeshalainika. Kisha nikafungua daftari, nikaandika kwamba amechana mwenyewe.