Sayansi haibagui, kwa nini basi tujali nani yumo?

Hoja hii husikika mara nyingi: kanuni za fizikia ni zilezile kwa kila mtu, kwa hiyo haijalishi nani yumo maabara. Nusu yake ni kweli. Lakini sayansi si kanuni tu. Kuna mtu anayeamua swali lipi liulizwe, nani apimwe, na lini kifaa kihesabiwe kuwa kiko tayari.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, wanawake weusi wawili, walichapisha majaribio ya programu tatu za kibiashara zinazokisia jinsia ya mtu kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe zilikosea chini ya asilimia 1. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea karibu asilimia 35. Picha zilizozoeleka kupimia programu za aina hiyo zilijaa nyuso nyeupe, hivyo kasoro ilijificha nyuma ya wastani mzuri.

Dawa nazo vivyo hivyo: zolpidem, ya usingizi, ilikuwa sokoni miaka 20 hivi kabla ya Marekani, mwaka 2013, kupunguza kwa nusu dozi ya kuanzia kwa wanawake, ambao miili yao huiondoa polepole zaidi.

Wengine hudai utofauti wa watu katika sayansi hushusha viwango. Viwango vipi? Programu inayokosea mwanamke mweusi mmoja kati ya watatu ndiyo iliyokuwa chini ya kiwango. Yeyote angeweza kuligundua kosa hilo, kweli. Ila waliolitafuta ni wale ambao liliwagusa.