Hofu Isiyo Mahali Pake: Dhana Potofu Kuhusu Divai na Waragi ya Nyumbani

Mtu anayeanza kuchachusha divai ya mananasi nyumbani kwake, awe Jinja, Bombo au Kampala, hachelewi kuonywa na jirani kwamba atapofusha watu. Onyo hilo halikutoka hewani. Mwezi wa Aprili mwaka 2010, Kabale na maeneo ya jirani kusini-magharibi mwa Uganda, zaidi ya watu 80 walipoteza maisha kwa kunywa waragi, pombe kali ya kukeneka ya Uganda, iliyotiwa methanoli, kileo chenye sumu kinachopofusha na kuua. Lakini fundisho ambalo wengi walilichukua katika msiba ule, kwamba chochote kinachochachuka nyumbani huzaa methanoli ya kuua, si sahihi.

Chachu inapokula sukari hutoa ethanoli, ambayo ndiyo kileo chenyewe, pamoja na hewa ya kaboni dioksidi. Methanoli haitokani na sukari hata kidogo. Hutokana na pektini, kitu kile kile kinachoifanya jamu igande, pale vimeng'enya vya tunda vinapoivunja. Kwa hiyo divai ya matunda huwa na methanoli kidogo sana, ya dukani na ya nyumbani pia, na pombe ya ulezi ambayo Wateso huiita ajono karibu haina kabisa. Maafa makubwa hutokea pale mfanyabiashara anapoongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali na kiwe kingi kwa gharama ndogo. Basi anayeogopa ndoo ya mananasi ya jirani yake, kisha jioni akanunua waragi iliyomiminwa katika chupa ya maji isiyo na lebo, ameiweka hofu yake mahali pasipostahili.

Dhana inayofuata ni ya wale wanaojiona wajuzi zaidi, nami naiona kuwa ya hatari kuliko zote. Wanasema kwamba methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 za Selsiasi na ethanoli kwenye nyuzi 78, hivyo waragi inapokenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa uwe pombe kali, ukimwaga glasi ya kwanza inayotoka kwenye bomba, sumu yote imekwisha. Namba hizo ni za kweli kwa kila kimiminika kikiwa peke yake. Ndani ya pipa lenye maji, ethanoli na mengineyo, vimiminika havitoki kwa foleni, na methanoli huendelea kutoka tangu tone la kwanza hadi karibu na la mwisho. Kumwaga sehemu ya kwanza kuna faida yake, kwa sababu huondoa vitu vyenye harufu kali kama ya rangi ya kucha na kuboresha ladha, lakini hakuwezi kuisafisha pombe iliyotiwa methanoli makusudi. Jaribio la kuwasha kijiko cha waragi ili kuona kama mwali ni wa buluu nalo halithibitishi lolote, kwani ethanoli na methanoli zote mbili huwaka kwa mwali wa buluu. Ulimi na pua pia haviwezi kuzitenganisha.

Wapo wanaodhani kwamba aliyefaulu kutengeneza divai anaweza tu kuongeza hatua moja na kukeneka. Hatua hiyo moja inabadilisha kila kitu. Mvuke wa kileo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ufikie sigiri ya makaa, na hapo nyumba inaweza kuwaka kabla mtu hajajua kilichotokea. Anayepoza mvuke huo kwa rejeta kuukuu ya gari anaweza kupata risasi kutoka kwenye viungo vyake vilivyolehemewa. Kuna pia suala la sheria: mwaka 1965 Uganda ilitunga sheria yenye jina la enguli, yaani waragi ya kienyeji, iliyomtaka mkenekaji awe na leseni, na leseni bado inahitajika kwa anayetengeneza pombe kali ya kuuza. Kwa maoni yangu, burudani ya nyumbani iishie kwenye divai.

Katika divai yenyewe, kosa linalojirudia ni kuamini kwamba sukari zaidi ni ukali zaidi. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kileo, lakini chachu ina kikomo chake, na hamira ya mkate kwa kawaida huchoka mapema kuliko chachu ya divai. Sukari inayobaki huiacha divai kama sharubati.

Wengine huifunga chupa kwa nguvu wakidhani wanazuia uchafu. Karibu nusu ya uzito wa sukari hugeuka hewa ile ya kaboni dioksidi; gramu 200 katika lita moja huzaa takriban lita 50 za hewa hiyo, na chupa ya kioo iliyofungwa haina pa kuipeleka isipokuwa kupasuka. Mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko na kuzama katika glasi ya maji unatosha kuitoa hewa bila kuingiza nyingine.

Hoja ya mwisho husikika kwa wazee: tonto, pombe ya ndizi, imetengenezwa tangu enzi na enzi, ndizi za mbidde zikikamuliwa kwa nyasi na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na hakuna aliyechemsha vyombo. Ni kweli, ila tonto hunywewa ndani ya siku chache, kabla vijidudu waharibifu hawajapata nguvu. Divai hukaa miezi, na ndoo isiyosafishwa vizuri au kifuniko kinachopitisha hewa huwapa bakteria wa siki nafasi ya kugeuza kileo kuwa asidi. Ikifika hapo hairudi kuwa divai, ingawa siki hiyo, ikiwa haina ukungu wala harufu ya kuoza, bado inafaa kwenye kachumbari.