Medali yetu ya kwanza ilitoka Vancouver

Wanafunzi wakija kutembelea ofisi yetu ya kumbukumbu za michezo hapa Kampala huwa nawauliza, medali ya kwanza ya Uganda kwenye michezo mikubwa ya kimataifa tulipatia wapi? Wote kwa sauti moja: Akii-Bua! Munich! Sawa, ile dhahabu ya 1972 ya mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, ndio dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki, hakuna anayebisha. Lakini mabondia wetu walishaleta medali toka Mexico City 1968, na hata hao walitanguliwa. Rudini mpaka 1954, Vancouver, Kanada, kwenye michezo ambayo siku hizi tunaiita ya Jumuiya ya Madola.

Michezo hii ilianza 1930 mji wa Hamilton, hukohuko Kanada, mji wa viwanda vya chuma, na aliyeisukuma ni mwandishi wa habari za michezo anaitwa Bobby Robinson. Nchi 11 tu, wanamichezo kama 400, na wanaume walilala madarasani kwenye shule iliyo karibu na uwanja, yaani vilevile kama timu zetu za shule zinavyolala kwenye mashindano ya taifa, tofauti labda ni mbu. Ilikuwa inaitwa Michezo ya Dola ya Uingereza. Vita ikaja, 1942 na 1946 haikufanyika, na ilipofika Vancouver ndio neno Jumuiya ya Madola likaingia kwenye jina kwa mara ya kwanza, neno Dola lenyewe bado lipo palepale mbele.

Na sisi ndio tukaingia mwaka huohuo. Kumbuka Uganda bado iko chini ya Mwingereza, Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, amefukuzwa yuko uhamishoni London, watu Buganda wana hasira, alafu katikati ya hayo yote kijana anaitwa Patrick Etolu, jina lenyewe linakuambia ni la Teso, kule mashariki mwa Uganda, anavuka bahari kwenda kuruka juu.

Vancouver ni mji wa bandari, pwani ya magharibi kabisa ya Kanada, na walikuwa wamejenga stediamu mpya, Empire Stadium, kwa ajili ya michezo hiyo. Dunia nzima ilikuja kuangalia mbio za maili moja tu, Roger Bannister wa Uingereza na John Landy wa Australia, wakati huo ndio watu wawili pekee duniani waliowahi kukimbia maili chini ya dakika 4. Landy aliongoza, kona ya mwisho akageuka kuangalia nyuma upande wa kushoto, kumbe Bannister anampita kulia. Walitengenezewa mpaka sanamu ya shaba.

Mimi lakini nakaa kwenye kuruka juu. Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria dhahabu, mita 2.03, tena aliruka na kiatu kimoja tu, mguu wa kushoto. Etolu wetu fedha, mita 1.99. Shaba ni Mnigeria mwingine, Nafiu Osagie. Yaani jukwaa lote ni Waafrika weusi, 1954, kwenye michezo yenye jina la Dola ya Uingereza! Na hapo hakuna haya magodoro manene ya siku hizi, ulikuwa unaangukia mchanga ama pumba za mbao, kwa hiyo hata kuruka kwa mgongo kama wanavyoruka sasa kusingewezekana, ukiruka hivyo unavunja shingo.

Baada ya pale nafasi ya kuwa mwenyeji imezunguka dunia nzima, Afrika bado. Durban ilipewa ya 2022 ikanyang'anywa 2017, ikaenda Birmingham, huko Victor Kiplangat akatuletea dhahabu ya marathoni.

Empire Stadium yenyewe ilishabomolewa. Mimi wanafunzi wakiuliza mita 1.99 ni kiasi gani nilichoka kueleza, nikaazima futi ya fundi nikapima mlango wa ofisi nikachora mstari wa chaki, uko karibu kabisa na ubao wa juu wa fremu. Watoto wanajipanga mmojammoja kuugusa kwa mkono, wengi wanashindwa hata wakiruka. Juzi kaja fundi wa rangi, nimemwambia mlango wote apake, pale apaache.