Jumba la Montaigne: ngome ambayo haikutegemea kuta zake

Karibu kilomita 50 mashariki ya Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, lipo jumba la shambani juu ya kilima chenye mizabibu, lenye ua uliozungukwa na majengo na minara. Michel de Montaigne alizaliwa hapo mwaka 1533, akafa hapo mwaka 1592. Kwa kuwa ni nyumba ya mwandishi mashuhuri na ina sura ya ngome, imebebeshwa mambo ambayo historia yake haiyakubali.

"Ilijengwa na ukoo wa kale wa mashujaa wa vita."

Ilinunuliwa. Mwaka 1477 Ramon Eyquem, mfanyabiashara wa Bordeaux aliyetajirika kwa divai, samaki wa chumvi na rangi ya kutilia nguo, alinunua ardhi hiyo pamoja na hadhi ya ubwana iliyoambatana nayo. Michel alikuwa kitukuu chake, na ndiye aliyeacha kujiita Eyquem akabaki na jina la shamba. Kwa familia ya aina hii, mnara na lango kubwa vilimwambia mpita njia kwamba wenye nyumba ni watu wa daraja la juu. Ndani ya ukuta huohuo maisha yalikuwa ya shamba: mazizi, ghala, mavuno ya zabibu.

"Kuta nene ndizo zilizoiokoa wakati wa vita."

Dhana hii ndiyo inayonikera zaidi, maana inafuta jambo la ajabu kuliko yote kuhusu nyumba hii. Kuanzia 1562 hadi 1598 Wakatoliki na Waprotestanti wa Ufaransa walichinjana, na eneo hilo lilikuwa katikati ya moto. Majirani walijaza askari majumbani mwao. Montaigne, aliyekuwa Mkatoliki, alikataa. Aliandika kwamba mlangoni pake palikuwa na bawabu tu, tena kwa desturi ya zamani, na kwamba ulinzi huchokoza shambulio: anayevamia nyumba iliyo wazi hapati sifa yoyote ya ushujaa.

Siku moja mtu aliyemfahamu, jirani na mkwe wa mbali, alifika langoni peke yake, farasi akihema, akidai anakimbizwa na maadui. Akafunguliwa. Baada ya muda wakaingia askari wake wanne au watano, kisha wengine, hadi wakawa kati ya 25 na 30. Montaigne alishaanza kushuku, lakini akaona amekwisha kuwapokea, basi akaendelea kuwakirimu kwa moyo mweupe. Yule bwana alikuwa amekuja kuiteka nyumba. Akapanda farasi, akaondoka na watu wake, wao wakimtazama kwa mshangao wakingoja ishara. Baadaye bwana huyo alisimulia mwenyewe mara nyingi kwamba uso wa Montaigne na uwazi wake vilimpokonya usaliti mikononi.

Tena mwaka 1584 Henri wa Navarre, kiongozi wa Waprotestanti na mfalme wa baadaye wa Ufaransa, alilala hapo kama mgeni, katika kitanda cha mwenye nyumba.

"Montaigne alijifungia mnarani akaipa dunia kisogo."

Ni kweli alijiuzulu kazi ya ujaji na mwaka 1571, akiwa na miaka 38, akatangaza kustaafu. Lakini mwaka 1580 alianza safari iliyompitisha Ujerumani hadi Italia, na kisha akawa meya wa Bordeaux vipindi viwili, 1581 hadi 1585. Mnara wenyewe una kanisa dogo chini, chumba cha kulala juu yake, na juu kabisa maktaba, ambako boriti za dari zimeandikwa makumi ya misemo ya Kigiriki na Kilatini. Dirishani aliona lango, bustani, ua na sehemu kubwa ya nyumba. Kwa hiyo alisoma huku akisimamia shamba. Hata starehe haikuwa kubwa: alilalamika kwamba hakuna chumba kilichopigwa na upepo kama kile, na wakati wa baridi alikitumia kidogo.

"Jumba tunaloliona leo ndilo alilokaa."

Mnara ndio. Nyumba kuu iliungua mwaka 1885, na iliyopo sasa ilijengwa upya baada ya moto huo kwa kuiga mtindo wa karne ya 16. Anayetaka kugusa mawe ya wakati wa Montaigne aanzie kwenye mnara wa maktaba, ambao moto haukuufikia.