Kishindo kimoja au viwili?

"Aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa." Karibu kila mtu huniambia hivyo, na mara nyingi ni kweli, maana dereva anapaswa kuacha nafasi ya kutosha kusimama. Ila kwangu mimi ninayekagua magari yaliyogongwa kwa ajili ya kampuni za bima, hapo ndipo kazi inapoanzia.

Chukua foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Daladala imefunga breki ghafla, gari dogo limeivaa, lori nalo limelivaa gari dogo. Huyu wa katikati anaapa kuwa alishasimama, akasukumwa. Namfuata dereva wa daladala: ulisikia vishindo vingapi? Akisema kimoja, aghalabu mzigo wote ni wa lori. Viwili, basi wa katikati alishagonga kabla ya kugongwa, na ana deni lake.

Taa za breki nazo huzua ubishi. Balbu ya kizamani ikipigwa kishindo ikiwa inawaka, waya wake mwembamba hulegea na kujipinda. Ikiwa imezimwa, hukatika mkavu. (Taa za LED zimeninyima ushahidi huu.) Taa zikithibitika mbovu, hata aliyegongwa anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama, na fidia yake ikapungua.

Kwa hiyo piga picha kabla magari hayajasogezwa. Hakiki bima ya mwenzako papo hapo kwenye mfumo wa TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania) kwa namba ya gari, usiamini maneno. Subiri trafiki, bila ripoti ya polisi faili halisogei. Shingo ikiuma, hata kesho yake, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, uende hospitali.

Mwenye bima kubwa aanze na kampuni yake, nayo itamfuata aliyekosea. Mwenye bima ndogo anadai kwa bima ya aliyemgonga, kwa sababu yake haitengenezi gari lake.

Kinachoniuma ni "tumalizane hapahapa". Niliwahi kufungua bampa la Toyota IST moja lililoonekana limechubuka tu. Chuma cha nyuma yake kilikuwa kimeingia ndani, na sakafu ya buti imekunjamana pale linapokaa tairi la akiba. Mwenyewe alikuwa ameshapokea shilingi 150,000 na kusaini karatasi kwamba hana madai zaidi.