"Virusi havikuonekana" sio "umepona": tafadhali usiache tenofoviri, dawa ya hepatitisi B

Wiki hii tena. Jamaa wa Kayole ameingia kliniki macho manjano kama kiini cha yai, mkojo anasema ni rangi ya strungi, na mkononi ana karatasi ya maabara ya mwaka jana ameikunja vizuri kwa plastiki. Imeandikwa virusi havikuonekana. "Si nilipona daktari? Ndio maana nikaacha dawa." Aliacha miezi mitano iliyopita. Inaniuma manake huyu angekuwa kazini kwake saa hii, sio kwa benchi yangu.

Haya, sikizeni. Virusi vya hepatitisi B vikiingia kwa seli ya ini, DNA yao inaenda hadi ndani ya kiini cha seli, inajifunga duara na kukaa hapo. Hilo duara ndilo mama wa kila kitu. Linatoa nakala za RNA, halafu kimeng'enya cha virusi kinazigeuza hizo RNA kuwa DNA mpya, na virusi vipya vinamwagika kwa damu. Tenofoviri inafanya kazi hapo kwa kimeng'enya. Inafanana na herufi moja ya DNA, kimeng'enya kinaichukua na kuiunga kwa mnyororo, lakini haina pa kushikia herufi inayofuata, ni kama zipu iliyong'oka jino, ikifika hapo haipandi tena. Damu inasafika, ini linapumua, hata makovu yanaweza kupungua kadiri miaka inavyoenda. Kidonge kimoja tu, miligramu 300 kwa siku.

Na duara je? Liko palepale, dawa haikuligusa.

Sasa hapa ndipo watu wanapotea, na wakati mwingine ni sisi wahudumu tunawapoteza. Kuna kipimo kinachohesabu virusi kwa damu, hicho ndicho dawa inashusha. Halafu kuna HBsAg, kile cha haraka, kinatafuta ganda la virusi, na ganda linatengenezwa kutoka kwa lile duara, na pia kutoka kwa vipande vya DNA ya virusi vilivyojichomeka kwa kromosomu zako, bila kupitia pale tenofoviri imeziba. Kwa hivyo mtu anameza dawa miaka mitano, virusi havionekani, anaenda kupimwa juu ya kazi ya Ghuba anaambiwa ni pozitivu, ananipigia analia eti aliuziwa dawa feki. Hapana. Karatasi zote mbili zinasema ukweli. HBsAg kupotea kabisa hutokea, lakini ni kama mtu mmoja kwa mia kwa mwaka, mara nyingi hata chini ya hapo.

Ukiacha, duara linaanza tena kutoa nakala, kinga yako inashtuka na kuvamia seli za ini zilizo na virusi, na ni hiyo vita inaharibu ini. Mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, anaweza kufa nayo.

Na ndiyo, ni dawa ileile iliyo ndani ya ARV, haimaanishi una ukimwi. Tunakupima HIV kwanza kwa sababu tenofoviri peke yake kwa mwenye HIV inazaa usugu. Pia tunaangalia figo. Na si kila mwenye hepatitisi B anaanzishiwa dawa, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Kuna wataalamu wanaowaachisha dawa wagonjwa fulani wasio na sirosisi, kwa uangalizi wa karibu, na kweli wengine kinga yao inaamka na kufukuza HBsAg. Wengine ini linawaka. Mbele ya mgonjwa mmoja aliyekaa kwa kiti changu, mimi siwezi kukwambia atakuwa yupi. Na uangalizi ni kupima damu mara kwa mara, huku nauli tu ya kutoka Kayole mtu anaifikiria mara mbili. Kwa hivyo mimi simwachishi.

Yule jamaa tumemrudishia dawa siku hiyohiyo na kumlaza. Bibi yake hana virusi, ameanza chanjo. Jana jioni jamaa akaniuliza, "Hadi lini, daktari?" Nikamwambia pengine maisha yote. Akanyamaza, halafu akauliza kama anaweza kupewa za miezi mitatu, manake Desemba anaenda ushago.