Je, wajua kwa nini mti wa maegesho hukatazwa karibu na bomba?

Mamlaka nyingi za miji humtaka anayejenga maegesho ya magari apande miti: kivuli kipoze lami, udongo unywe maji ya mvua, vichaka viyasitiri magari yasitazamane na barabara. Lakini mwenye bomba au nyaya zinazopita kwenye kiwanja hichohicho humwambia asipande. Huyo ana mkuza, yaani ukanda ambao amepewa haki ya kuingia, kuchimba na kukarabati, ingawa ardhi ni ya mtu mwingine.

Amri hizi mbili hukutana maegeshoni mara nyingi kuliko kwingine. Jengo halikubaliwi juu ya mkuza, kwa sababu huwezi kubomoa ukuta kila bomba linapopasuka. Lami hukatwa na kuzibwa tena, kwa hiyo mara nyingi mwenye bomba huiruhusu. Basi mchoraji husukuma jengo pembeni na kuyaweka magari mkuzani, kisha sheria ya miti huyafuata magari hukohuko.

Wengi huamini kwamba mzizi hulinusa bomba kutoka mbali na kulifuata. Sivyo. Mzizi hukua pale unapokuta unyevu, hewa na udongo unaopenyeka. Ardhi ya maegesho imeshindiliwa kwa mashine mpaka ikawa ngumu kama tofali, lakini handaki la bomba lilifukiwa kwa mchanga au udongo ambao mara nyingi hubaki mlegevu zaidi. Kwa mti uliobanwa na lami, handaki hilo ndiyo njia iliyo wazi. Mzizi ukilifuata hadi kwenye kiungo kinachovuja, hasa cha mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma, uzi mwembamba huingia, hunenepa ndani na kuziba majitaka. Kwenye bomba la gesi la chuma, mizizi inaweza kuharibu utando unaolikinga na kutu, na miti huwazuia wakaguzi kuona ardhi iliyo juu yake. Nao huitazama kwa makini, maana gesi ikivuja hufukuza hewa udongoni, na majani yaliyokauka bila sababu ni dalili ya mapema.

Juu, hatari ni nyingine. Waya wa umeme ukibeba mzigo mkubwa siku ya joto hurefuka na kuning'inia chini zaidi, na wenye msongo mkubwa unaweza kurusha umeme kwenye tawi hata kabla ya kugusana. Tarehe 14 Agosti 2003, huko Ohio, Marekani, nyaya za kilovolti 345 ziligusa miti iliyoachwa irefuke mkuzani, zikajizima moja baada ya nyingine. Kulikuwa na kasoro nyingine pia, ikiwemo ya kompyuta za chumba cha kuongozea mtandao wa umeme, lakini alasiri hiyo watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme.

Basi mjenzi afanye nini? Aanze kwa kuuliza sheria ya miti inataka nini hasa. Mji wa Sacramento, California, tangu 1983 umetaka kivuli kifunike nusu ya maegesho ndani ya miaka 15. Kinachopimwa hapo ni kivuli, kwa hiyo mti unaweza kuhama. Mkuzani vibaki nyasi na vichaka vifupi vya mizizi mifupi; miti mikubwa iende nje yake, na umbali upimwe kwa upana wa mti uliokomaa, si wa mche. Huko ipewe udongo wa kutosha. Chuo Kikuu cha Cornell kilibuni mchanganyiko wa kokoto na udongo unaobeba uzito wa lami huku ukiiachia mizizi nafasi. Mti ulioshiba mahali pake hauna sababu kubwa ya kuhangaika hadi handakini.

Kosa linaloniuma ni la mpangilio wa kazi. Magari huchorwa kwanza, miti ikachomekwa mwishoni kwenye vipande vilivyobaki, na vipande hivyo ndivyo vyenye bomba chini. Mkuza uchorwe kabla ya nafasi ya gari la kwanza, na mwenye bomba aridhie kwa maandishi mimea itakayowekwa humo kabla ramani haijapelekwa kuidhinishwa. Siku ya kupanda, bomba litafutwe na kuwekewa alama, na mashimo yaliyo karibu nalo yachimbwe kwa mkono.